Shauriyao Anakwenda Finlandi

Jumanne, 4 Februari

Ndiyo, mbwa. Siyo mtoto, siyo mbuzi, siyo kifurushi. Mbwa. Nimewajibu hivyo kijiweni tangu asubuhi mpaka koo limekauka, na bado kila anayefika anauliza upya. Mbwa anapanda ndege kwenda Finlandi, na anayemwandalia safari ni mimi Lameki.

Athumani amecheka mpaka akaegemea pikipiki yake ikaanguka. Huyu ni mtu wa Kondoa, tunapaki pamoja hapa Nkuhungu. Anasema mbwa atapata pasi kabla yangu. Ni kweli, sina. Nimemwambia mbwa anasafiri kikazi, mimi bado niko likizo.

Asubuhi nauza zabibu. Mchana nabeba abiria. Jumamosi niko mnadani nadalalia mbuzi. Sasa nimeongeza idara.

Mambo yenyewe yako hivi. Bibi Salome wa Hombolo kabaki peke yake tangu mzee wake afariki. Macho yanaisha. Mtu akisimama mlangoni anaona kivuli tu. Binti yake mmoja tu, Yustina, ni muuguzi huko Finlandi. Ameshapata vibali vyote mama akaishi naye, na macho yakaangaliwe. Bibi kasema sawa, naenda, ila na mbwa. Bila mbwa siendi. Yustina kabembeleza, kalia kwenye simu, kamtuma mchungaji. Bibi hajibishani. Anamkuna mbwa masikio, basi.

Mbwa anaitwa Shauriyao. Marehemu mzee alimpa jina hilo kuwajibu ndugu waliokuwa wanamsema kwa kuoa mke asiyezaa watoto wengi. Kila akimwita mbwa, ndugu wanasikia. Sasa mbwa ndiye anayemtangulia Bibi njiani. Kwenye korongo anasimama, Bibi naye anasimama.

Yustina tulikaa dawati moja. Mimi niliacha darasa la tano, yeye akaendelea. Leo alfajiri kapiga simu kutoka huko, na hakumpigia mjomba wala mwenyekiti wa kijiji. Kanipigia mimi. Najisikia kama nimeapishwa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempakia Shauriyao kwenye tenga la nyanya nyuma ya pikipiki. Hombolo mpaka mjini. Watu wanasimama barabarani kutazama. Nimewapungia mkono. Mbwa katulia kama mbunge.

Kliniki ni ya Dokta Pendo, mama mmoja mpole lakini hana utani na sindano. Niliingia kifua mbele na kadi ya chanjo ya kichaa, ile ya bure ya kijijini mwaka jana. Nikajua nusu ya kazi imekwisha. Dokta kaisoma, kanirudishia. Haifai. Chipu kwanza, chanjo baadaye. Chanjo iliyotangulia chipu kule wanaihesabu haipo, maana nani atathibitisha aliyechomwa ni mbwa huyu.

Nimenuna. Halafu nikafikiria. Mnadani nimeona mbuzi mmoja akidaiwa na watu wawili, wote wameshika Biblia. Wazungu wana hoja.

Chipu ni kidude kama punje ya mchele. Sindano yake nene. Kinaingia chini ya ngozi, shingoni. Mbwa hakulia. Aliyefumba macho ni mimi. Dokta kapitisha mashine, ikalia, namba ikatokea. Nimemwomba apitishe na kwangu kidogo. Haikulia. Sijasajiliwa popote.

Chanjo kachomwa upya. Sasa tunasubiri zaidi ya mwezi, ndipo atolewe damu. Damu inapimwa Ulaya kama kinga imeshika. Ikishika, tunahesabu miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Ndipo asafiri. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Jumapili, 9 Februari

Yustina kanisomea masharti kwenye simu. Yako kwa Kiingereza, mengi. Anasoma, ananieleza, mimi naandika kwa lugha yangu nyuma ya daftari hili.

Nimemuuliza, je, tukifika huko wakakuta kasoro? Kasema njia ni tatu. Wanamrudisha alikotoka. Au wanamfungia karantini kwa gharama yetu. Au wanamuua.

Hiyo ya tatu sijamwambia Bibi. Simwambii.

Jumatano, 12 Machi

Damu imetoka. Mguu wa mbele. Shauriyao kamlamba Dokta mkono, kana kwamba anamshukuru. Mbwa huyu ana adabu kuliko abiria wangu wote.

Bibi alitaka kujua damu inapelekwa wapi. Nimemwambia Ulaya. Akauliza, itarudi? Nimesema hairudi, inabaki huko kumshikia nafasi. Kacheka. Meno yake mawili ya mbele hayapo, cheko lake ni zuri sana.

Msimu wa zabibu unaisha. Wateja wananiuliza habari za mbwa kabla ya kuuliza bei. Nawauzia vyote viwili, zabibu kwa kilo na habari za mbwa kwa nyongeza.

Alhamisi, 10 Aprili

Imepita! Dokta Pendo kanipigia mwenyewe. Kinga ipo, tena juu ya kiwango. Nimesimamisha pikipiki katikati ya barabara, abiria nyuma yangu akadhani tairi imepasuka.

Nimekwenda kijiweni nikatangaza. Mbwa wa Hombolo, mla makande, kafaulu mtihani Ulaya. Athumani kasema basi amemzidi hata aliyempeleka. Sikukasirika. Ni kweli tena.

Nilimwambia Bibi. Alikuwa anachambua mboga. Kachukua kipande cha nyama alichokuwa kajiwekea mwenyewe, kampa mbwa.

Najivunia. Naandika hivyo hivyo. Najivunia.

Jumapili, 27 Aprili

Habari mbaya. Mbwa asiye na mwenyewe ameng'ata mbuzi upande wa pili wa bwawa, na mbwa wawili. Anatoa udenda. Watu wanasema kichaa.

Nimempigia Dokta. Kasema Shauriyao kachanjwa, asife moyo mtu, lakini mbwa aking'atwa, yeye Dokta hataweza kuweka saini. Kazi yote inalala.

Nimekata miiba, nimezungushia zizi la mbuzi mpaka juu. Mbwa kaingizwa ndani. Hatoki. Hii ndiyo karantini ya Hombolo, na afisa wake ni mimi.

Bibi hakukubali mbwa akae peke yake. Kaburuta kigoda, kaingia naye. Ukimpelekea uji unaupitishia kwenye miiba. Mchungaji kaja kusali, kasalia nje. Kaniuliza hivi nani kafungwa, mbwa au mama? Nimesema wote wawili, lakini mbwa ndiye mwenye kesi.

Jumatatu, 5 Mei

Yule mbwa mgonjwa kauawa na vijana wa kijiji. Na wale mbwa wawili aliowang'ata nao wameuawa. Wa jirani alikuwa mmojawapo, mbwa mzuri, mweusi. Mwenye mbwa kakaa pembeni ya nyumba mchana kutwa.

Siondoi miiba. Iendelee kukaa mpaka safari.

Jumamosi, 17 Mei

Sanduku. Ndege haimpokei mbwa kwenye tenga la nyanya. Nimesikitika, lile tenga lilikuwa lishamzoea. Yustina katuma vipimo: mbwa asimame bila kugusa juu, ageuke, alale kanyoosha miguu, matundu ya hewa pande zote. Fundi seremala wa Nkuhungu kaniuliza jeneza la nani lina madirisha.

Nimelipeleka. Shauriyao kanusa, kageuza mgongo. Nikaweka nyama ndani. Kaingiza shingo tu, kachukua nyama, katoka. Nikaweka tena. Vilevile. Nimemlisha nusu kilo, hajaingiza hata kiuno.

Nikaingia mimi nimwonyeshe. Nikakwama. Bibi kanisikia nahema humo ndani, kauliza huyo aliyeingia ni mbwa? Nikasema hapana Bibi, ni mimi. Kacheka mpaka akashika ubavu.

Halafu akavua khanga ya begani, ile kuukuu anayolalia, kaitandika ndani. Kaondoka zake. Nilipogeuka kuchukua ufunguo wa pikipiki, mbwa kashalala humo.

Mimi na maarifa yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Miezi mitatu ya damu imetimia. Tiketi ipo. Tarehe 24 wanaruka kutoka Dar, Yustina mwenyewe kaja kumchukua mama. Amefika jana. Amenenepa, kapendeza, ananiita Lameki kama zamani. Kamkumbatia Bibi muda mrefu. Mbwa alikuwa katikati yao.

Kilichobaki ni cheti cha afya. Hakitakiwi kiwe cha zamani, kinaandikwa siku za mwisho mwisho. Dokta anamkagua mbwa, anaandika. Kisha mhuri wa serikali kule Mtumba, ziliko wizara. Na dawa ya minyoo. Finlandi wana woga na minyoo fulani, mbwa anameza mbele ya Dokta, siku chache tu kabla ya kufika. Ukiwahi, makosa. Ukichelewa, makosa. Nimeyakariri yote. Kiingereza sijui ila haya nayajua kama jina langu.

Jumatatu tunampeleka. Nitavaa shati jeupe.

Jumatatu, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Hombolo asubuhi na shati jeupe. Shauriyao kaja kunipokea kwenye miiba ya zizi, mkia unacheza. Sikio la kushoto limekatwa. Mkato wa pembe tatu kwenye ukingo, mbichi, damu imekauka shingoni. Nimepiga kelele. Nilidhani kang'atwa.

Yustina alikuwa kalala mjini kwa shangazi yake. Bibi kakaa kibarazani, anaosha kisu.

Ni yeye. Jana jioni. Mwenyewe, kwa kupapasa. Amekata masikio ya mbuzi na ng'ombe tangu msichana, vidole vyake havihitaji macho. Hiyo ni alama ya ukoo wa mume wake. Kila mfugo uliotoka zizi lile umetoka na alama hiyo, uende mahari, uende mnadani, uende kutunzwa kwa mtu. Na huyu anakwenda mbali kuliko wote.

Nilikuwa nimekasirika. Nilimsemesha vibaya, mtu wa umri wa bibi yangu. Nilimwambia mbwa ana chipu, Bibi, ana namba, tumehangaika miezi yote hii kwa ajili ya ile namba.

Kaniacha nimalize. Halafu kasema, "Mjukuu wangu, hicho kidude chenu kinaonekana na mashine. Mashine ikikataa, nani atamjua mbwa wangu? Huko mimi sina jirani hata mmoja."

Tumekwenda kwa Dokta hivyo hivyo. Kaangalia sikio, kavua miwani. Hawezi kuandika mnyama hana jeraha wakati jeraha analiona. Kasafisha, katoa dawa ya unga. Turudi Ijumaa. Likikauka, ataandika. Lisipokauka, haandiki.

Yustina kalia kliniki. Hakumlaumu mama yake. Kaniuliza mimi, Lameki, sasa? Nikasema litapona. Nilisema kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie.

Jumatano, 18 Juni

Nimehamia Hombolo. Pikipiki nimemwachia Athumani aendeshe. Kazi yangu ni sikio.

Bibi kaulizwa na Yustina: mbwa akikwama, utaondoka na mimi? Nilikuwa napita na ndoo. Nilisikia. Bibi alisema, "Wewe nenda, mwanangu. Tutabaki."

Yustina katoka nje, kasimama nyuma ya choo muda mrefu. Ruhusa yake ya kazi ikiisha imeisha. Kurudi tena mwaka huu hawezi. Na macho ya Bibi hayasubiri.

Ijumaa, 20 Juni

Halijakauka. Lilikuwa linakauka, usiku kajikuna, kidonda kimefunguka upya. Dokta kamtazama Yustina, katikisa kichwa. Kasema nafasi ya mwisho ni Jumatatu asubuhi. Hapo cheti, dawa ya minyoo na mhuri vyote vinaweza kufanyika siku moja, kama hatulali. Zaidi ya hapo ndege itaondoka bila nyinyi.

Sina raha. Sitanii leo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimetania kidogo. Nimechukua ndoo ya plastiki, ile ya rangi, nimekata kitako, nimezungushia kitambaa ukingoni isimkate, nimemvisha shingoni. Kichwa kiko ndani ya ndoo. Hawezi kujikuna. Akitaka kunusa ukuta, anagonga. Ameudhika na mimi, hanitazami.

Mnada leo sijaenda. Watu wa mnada wamekuja wao. Kuna mzee mmoja wa Kigogo, anakata alama za masikio toka zamani. Kamtazama sikio kasema mkato ni safi, mkono uliokata unajua. Tatizo ni inzi na uchafu. Alichosema yeye na alichosema Dokta ni kitu kimoja: pawe safi na pakavu. Basi tumefanya hivyo. Nafagia, namwagia maji vumbi lisiruke, nafukuza inzi kwa tawi. Mimi, mtu mzima, nampepea mbwa.

Bibi kakaa pembeni na mkono juu ya ndoo. Anaimba chini chini, Kigogo. Nimemsalimia "mbukwenyi" kwa unyenyekevu wote, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya Jumatatu. Kasema alishasahau. Kisha kasema ila ulipiga kelele kama fisi.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika ndani ya gari, barabara ya Dar. Mwandiko unaruka, si kosa langu.

Asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Dokta kabla hajafungua. Kavua ndoo. Kaminya ukingo wa sikio kwa kidole, polepole, pande zote. Sisi watatu tumemzunguka. Kauliza, "Nani kamkata hivi?" Bibi kasema ni mimi. Dokta kamtazama. Kasema, "Mama, hata mimi nisingekata vizuri hivi." Kakaa, kaanza kuandika.

Limekauka. Limefunga. Kaandika mbwa ni mzima, na kwenye sehemu ya alama kaandika sikio la kushoto lina mkato wa zamani wa... hapana, kaufuta huo "wa zamani". Kaandika ulivyo. Mkato uliopona, alama ya mwenye mali. Kapitisha mashine, namba ikatokea ileile. Dawa ya minyoo kaimeza kwenye kipande cha mnofu.

Mtumba tumefika kabla ya watu wa chai. Nimesimama kwenye foleni na shati jeupe, lina nywele za mbwa mbele na nyuma. Dada wa dirishani kasoma, kauliza mbwa anaitwa nani. Nikamwambia. Kacheka, kagonga mhuri.

Athumani ndiye dereva. Kakodi gari, Noah ya kaka yake. Katandika turubai kiti chote cha nyuma na kabeba dumu la maji na mfuko wa mchanga, maana udenda wa mbwa kwake ni wa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nimemwambia si ungekataa tu. Kasema Bibi ni bibi wa wote, na mchanga haununuliwi.

Bibi kafunga kitambaa kipya. Alipotoka nyumbani alipapasa mlango, nguzo ya zizi, ukuta. Hakugeuka. Mbwa katangulia.

Jumanne, 24 Juni

Wameingia.

Sanduku lilipita kwenye mzani. Jamaa wa mizigo alitaka kujua kama mbwa anasimama na kugeuka ndani. Shauriyao kasimama, kageuka, kalala juu ya khanga. Kama kafundishwa. Sikumfundisha mimi, nilikwama.

Yustina kanishika mkono akashindwa kusema. Nikamwambia usiseme, utaharibu poda. Bibi kanishika uso mzima kwa mikono miwili, kanipapasa kama anavyopapasa vitu vyake. Kisha wakaenda.

Nilitembea nikiwa nimenyooka mpaka nje. Huko nje nililia. Athumani alikuwa anaosha turubai, akajifanya hajaona. Mara ya tatu hiyo, kasema, bado nne.

Jumamosi, 28 Juni

Yustina kapiga. Mashine ya kule ilisoma chipu mara ya kwanza. Karatasi zote sawa. Afisa alipofika kwenye sikio kasimama. Kauliza mbwa kapigana? Yustina kamweleza: ni alama ya ukoo, ndivyo mifugo ya kwao inavyotambulika. Afisa kasoma cheti, katazama sikio, kasoma tena. Kagonga mhuri. Hakuna karantini. Hakuna kurudishwa. Ile ya tatu siiandiki tena.

Bibi alitaka kujua mzungu kasema nini. Yustina akamwambia ameuliza habari ya sikio. Bibi kasema, "Wameiona."

Basi. Hakutaka kujua mengine.

Kijiweni nimeeleza mara nyingi mpaka wameanza kunisaidia. Nikisahau kipande, wananikumbusha.

Jumapili, 6 Julai

Upepo wa baridi leo. Nimekwenda Hombolo. Bibi kaniachia mbuzi wake niwatunze, wapo wazima. Nimefagia uwanja. Nimeondoa ile miiba ya zizi, haina kazi tena. Nikakaa kibarazani. Hakuna kilichobweka.

Bibi kapiga jioni. Macho bado, daktari kamwekea siku. Anasema jua kule halizami, Shauriyao hajui alale saa ngapi. Wanatembea pamoja kandokando ya maji. Kwenye ngazi anasimama.

Jana dada mmoja wa ofisini Mtumba kanifuata. Ana paka, mume kapata kazi Uturuki. Kaniletea karatasi za masharti. Kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Nimezishika kwa heshima, nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Paka nimemwona, mkali, kashanichana mkono. Huyo namweza. Karatasi siziwezi, na Yustina ana zamu zake, sitamsumbua kila siku.

Kwa hiyo wewe. Sijui ni nani, wala daftari langu umelipataje, ila umeshafika mpaka hapa, ina maana unajua kusoma. Kama na Kiingereza unakijua, tufanye hivi. Wewe unasoma masharti, unaniambia kipi kinatangulia kipi. Mimi nakamata mnyama. Faida tunagawana katikati, mikwaruzo yote juu yangu. Niko Nkuhungu, uliza wa mbwa.